Jumatatu, Milango Imefungwa

Jumatatu Gyumri inaamka na theluji ya magotini,
nami siwashi mashine.
Dobi hapumziki, husema watu. Mimi hupumzika Jumatatu
kwa sababu Vardges mchonga funguo naye hupumzika,
na saa nne kamili hugonga kioo kwa pete yake,
daftari kwapani, limefungwa kwa kamba ya kiatu.

Tunabadilishana. Langu kwake, lake kwangu.
Kahawa juu ya meza ya kupigia pasi,
na sharti moja tuliloliandika kwa chaki mlangoni:
USISHAURI. ULIZA.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
hilo nililijua tangu kwa mama.
Sikujua kwamba hata yenye daftari hupotea
msomaji akiwa mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye mali.
Kinyozi hajinyoi. Mimi niliyeondoa madoa
ya divai, ya damu, ya lami, ya harusi tatu zilizovunjika,
sikuliona doa kwenye ukurasa wangu wa tisa.

"Haykanush," aliniuliza, kidole cheusi kwa grisi
kikielea juu ya karatasi bila kuigusa,
"Zaruhi ni nani?"

Zaruhi. Mapazia manne. Hajalipa.
Zaruhi. Blanketi la sufu. Hajalipa.
Miaka sita nimeliandika jina hilo kwenye safu ya madeni.
Nikamwambia: alinifundisha hesabu, darasa la tatu.
Baada ya tetemeko, darasa likiwa hema,
alitufundisha kugawanya kwa mkate,
na aliyekosea alikula kama aliyepatia.

Vardges hakucheka. Hakusema "futa".
Aliuliza tu: "Mbona unamwita mdaiwa?"
Siku ile nikachora safu mpya, nyembamba,
hadi leo sijaipa jina.
Na madeni yangu, kwa mara ya kwanza, yakabaki madeni:
hoteli ya shemeji, mashuka mia mbili,
dramu ambazo aibu yangu ilizificha
nyuma ya mapazia ya mwalimu.

Zamu yangu ilikuwa ngumu zaidi.
Daftari la Vardges linanuka shaba.
Saa nane usiku mtu kafungiwa nje, baridi ya kupasua chupa,
Vardges anakwenda kwa miguu, anafungua,
anatoza bei ya mchana.
Hilo niliuliza, akacheka, akakuna kidevu.
Kisha nikageuza ukurasa, nikaona kodi ya kibanda,
na chini yake mapato, na mapato
yalikuwa mafupi kuliko kodi, miezi saba,
kama suruali ya mtoto anayekua.

Nikatafuta swali. Sikulipata.
Nikasema: "Kibanda hiki kinakutafuna."
Chaki mlangoni ilinitazama.

Jumatatu ya kwanza hakuja.
Ya pili hakuja.
Ya tatu nilichemsha kahawa ya watu wawili,
nikainywa yote, moyo ukapiga
kama mashine iliyosahauliwa kiatu ndani.

Ya nne, kioo kikagongwa.
Alijipangusa theluji mabegani, hakusalimu,
akaifungua ile kamba.
Bei ya usiku imeandikwa, mara mbili ya mchana,
kwa wino mwekundu, na mstari chini yake.
Ukurasa wa kodi ameubana kwa kibanio cha nguo,
kibanio changu, alichokichukua sijui lini.

Sikukibandua.
Nilimsogezea daftari langu.
Akavaa miwani, akalamba kidole.
"Haya mashuka mia mbili," akasema,
"shemeji amelipa?"

Nikajifanya natafuta sukari.